Siku Vitambaa Vilipobaki Mapajani

"Kitambaa hakipandi akipatia, dada. Kinapanda akikosea."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na nimesikia kuna msomaji mmoja aliyelitupa gazeti chini kwa hasira, kisha akaliokota tena. Pole. Yale yalikuwa manyunyu tu, mvua yenyewe ni leo.

Fundi alikuwa amesimama kwenye stoo ya ukumbi, nyuma ya mapazia makuukuu, kapu la vitambaa vyeupe kiunoni. Nje ya mlango, Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Babu Nyuzi, mwimbaji wa leo, ndiye aliyekuwa akisema hayo, akimfundisha dada mmoja, mwanachama mpya, desturi za chama. Mwanachama mpya alicheka hadi akakohoa.

"Yaani miaka yote hii, vile vitambaa mnavyonyanyua..."

"Akiingia kabla ya bendi, tunanyanyua. Sauti ikimkatikia, tunanyanyua. Akisahau ubeti, basi ukumbi mzima unakuwa kama kamba ya kuanikia shuka. Na yeye anainama anatushukuru! Mkono kifuani!"

Wakacheka tena, wakaenda zao.

Kwa uliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Fundi ni mshona nguo, na ni mtoto pekee wa Babu Nyuzi, yule mzee aliyezichukua nyimbo za bibi yake za kubembelezea watoto akazitia gitaa la umeme, wakubwa wakamlaani, vijana wakambeba mabegani. Leo mashabiki wanasherehekea nusu karne ya kazi yake. Wasichokijua mashabiki, na wanachokijua baba, binti na mpiga dramu peke yao, ni kwamba Babu Nyuzi hasikii. Masikio yalianza kufifia kidogo kidogo, mwisho yakazimika kabisa. Anaimba kwa kuitazama mikono ya binti yake, ambaye hukaa pembeni ya jukwaa akimwonyesha: sasa, ngoja, panda, shuka.

Na kwa kuwa mikono si masikio, mzee hukosea. Hukosea sana. Lakini ukumbi ukijaa vitambaa vyeupe hewani, Fundi alikuwa akimshukuru Mungu. Aliamini vile vitambaa ndivyo vinavyomweka baba yake hai.

Wakirudi nyumbani baada ya onyesho, mzee akiwa anavua viatu, husema, "Leo vimepanda vingi." Na Fundi humjibu, akitamka taratibu ili midomo isomeke, "Wanakupenda, baba." Mzee huitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Sasa angalia ubaya wa dunia. Miaka ya nyuma aliwapigia pasi tu, lakini vitambaa vya leo alivishona Fundi mwenyewe. Mwenyekiti ndiye aliyemwendea pale kwenye cherehani yake, kwa unyenyekevu wote: "Binti yetu, nani wa kutushonea kama si wewe?" Akaona amepewa heshima. Akavipinda kwa upindo mwembamba wa kuviringisha, na kwenye kila pembe akadarizi gitaa dogo kwa uzi wa buluu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza ukawa umeishona wewe, tena usiku na mchana, tena huku unaimba.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kulichoma lile kapu. Alianza hata kutazama huku na huku kutafuta kiberiti.

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa amerudi kuchukua vitambaa.

Huyu Mwenyekiti ni mwenye duka la dawa, mtu nadhifu, kucha fupi, sauti ya upole kama anakwambia umeze kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alimtazama Fundi usoni, akatazama mapazia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Haya. Karibu chamani."

Fundi alitaka kumzaba kofi, ila mikono yote miwili ilikuwa imeshika kapu.

"Huna haya wewe? Mzee wa watu! Mnamgeuza kichekesho, halafu vitambaa nishone mimi?"

"Taratibu, binti yetu. Tunampenda kuliko unavyodhani." Na kibaya zaidi, msomaji, alikuwa anasema kweli. "Unadhani kuna mtu atasafiri kutwa nzima kuja kumsikiliza mzee anayepatia? Wanaopatia wamejaa redioni. Baba yako anakosea kama hakuna mwingine duniani. Mtu kawa na wiki mbaya, bosi kamtukana, mke kamnunia. Anakuja hapa, anamwona gwiji mzima mzima anauingia wimbo kwa kupitia dirishani. Anarudi kwake amepona. Mimi nauza dawa, dada. Dawa nikiiona naijua."

"Nitamwambia."

"Mwambie." Mwenyekiti akampisha njia. "Chumba chake si kile pale? Nenda umwambie kwamba kila alipoinama kushukuru, alikuwa anashukuru kuchekwa. Ila umtazame usoni wakati unamwambia, usiangalie pembeni. Halafu umvishe koti apande jukwaani."

Fundi hakusogea.

"Nilijua," Mwenyekiti akasema, na akalichukua kapu kutoka kiunoni kwake kwa upole, kama anayempokea mama mtoto. Akatoa kitambaa kimoja, akakiangalia kwenye mwanga. "Kazi safi sana. Ah, nilitaka kusahau. Leo usijifiche kule pembeni. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele, ubavuni mwangu. Binti wa gwiji! Mzee akifika kwenye kilima, tutanyanyua pamoja."

Kilima ni jina waliloipa mistari ya mwisho ya ubeti wa tatu wa "Taa ya Jikoni," wimbo ambao Babu Nyuzi alimwimbia mkewe, marehemu mama yake Fundi. Pale sauti inapanda mahali ambapo hata vijana wenye mapafu yao hushika ukuta. Tangu masikio yazimike, mzee hajawahi kufika juu. Mara hubakia chini akikoroma, mara hupitiliza akalia kama mlango usiotiwa mafuta. Chama kiliuomba wimbo huo leo, na huo peke yake, na sasa Fundi akajua sababu.

Akasimama pale stoo mikono mitupu, akaamua. Hatamwambia baba yake neno. Atafanya jambo moja tu: leo, kwa wimbo huu mmoja, kisipande hata kitambaa kimoja. Wakae navyo. Wavifutie majasho.

Alimkuta mzee chumbani mwake ameelekea ukutani, ameuma ubao wa gitaa.

Usishangae. Mtu asiyesikia akiuma ubao, mlio wa nyuzi humpitia kwenye meno ukaingia kichwani. Ubavuni mwa gitaa la Babu Nyuzi pana alama za meno, na mashabiki huzipiga picha wakidhani ni za panya.

Akamwona bintiye kwenye kioo, akalitoa gitaa mdomoni.

"Mwanangu. Mbona uso umejikunja kama shati lililolala kwenye beseni?"

"Joto tu, baba."

"Vitambaa umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hebu nikione."

Fundi alikuwa na kimoja mfukoni, kile cha kwanza alichokishona kupata kipimo. Hakutaka kukitoa, lakini baba ni baba. Mzee akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, ukingo wote, pole pole.

"Upindo wa mama yako huu." Akakikunja, akamrudishia mfukoni mwenyewe. "Leo nataka wapumzike mikono."

"Nani?"

"Hao watu. Wamenyanyua miaka na miaka. Leo wakae, wapumzike." Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi.

Fundi alicheka naye huku roho inamkata vipande. Akapiga magoti mbele yake ili midomo yake aione vizuri.

"Baba, nisikilize. Leo sikai pembeni, nakaa mbele yako, katikati. Nikijipiga goti, hayo ni mapigo. Mkono kifuani, ngoja. Kidole shingoni, panda. Na viatu uvue, uzisikie mbao. Nitamwambia Radi akazanie dramu kubwa."

"Na kilima?"

"Kilima nitakupandisha mimi."

"Hapana." Mzee akatikisa kichwa. "Njia ya kilima naijua. Nimekuwa nakipanda kila alfajiri, ukiwa umelala. Pale bafuni, meno kwenye ubao. Wewe nishikie mapigo tu, huko juu nitakwenda mwenyewe."

"Unajichosha hivyo kwa ajili ya nani, baba?"

"Mama yako hajawahi kuusikia ukienda vibaya. Alipokuwa hai nilikuwa napatia."

Fundi aliinuka haraka, akajifanya anatafuta viatu vya mzee ilhali viko miguuni mwake.

Radi, mpiga dramu, yeye na Babu Nyuzi wamezeeka pamoja. Alikuwa kwenye ujia anakaza ngozi ya dramu kubwa. Fundi akamweleza yote kwa pumzi moja: stoo, Mwenyekiti, vitambaa na maana yake. Radi aliendelea kukaza skrubu.

"Mbona hushangai?"

"Nishangae nini, dada?"

"Ulijua!"

"Bendi nzima tunajua. Hata mama anayefagia ukumbi anajua."

"Na hukuniambia? Miaka yote hii?"

Hapo ndipo Radi alipoinua kichwa. "Nikwambie nini, Fundi? Wewe ndiye uliyekuwa unavipiga pasi. Kila mwaka unawapelekea vimekunjwa vizuri. Tulidhani unajua, tukasema, hee, huyu mtoto ana moyo wa jiwe."

Fundi aliegemea ukuta. Kuna kofi lisiloacha alama, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Leo nisaidie," akasema mwisho. "Usimfuate baba. Yeye akufuate wewe. Piga hadi mbao zimwingie miguuni."

"Nitapiga," Radi akasema. "Lakini nikwambie kitu? Wakikosa cha kucheka, hawatakusamehe."

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazini. Wazee waliovaa suruali za ujana wao zilizogoma kufungwa. Kina mama na wajukuu. Vijana waliozaliwa wimbo ukiwa tayari umezeeka. Kila mtu ana kitambaa, na kila kitambaa kina gitaa la buluu pembeni.

Mwenyekiti alihutubia hadi watu wakapiga miayo. Mcheza kwao hutunzwa, akasema. Gwiji hazeeki, akasema. Kisha akafunua zawadi ya chama: picha kubwa ya Babu Nyuzi jukwaani, ameinama, mkono kifuani, na mbele yake vitambaa vyeupe vimejaa. Kicheko kikapita ukumbini chini kwa chini, watu wakafinyana. Babu Nyuzi aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akasema ahsante. Akainama, mkono kifuani.

Mwanamke aliyekaa nyuma ya Fundi alicheka hadi akambana mwenzake bega.

Mwenyekiti akarudi kiti chake ubavuni mwa Fundi, akakiweka kitambaa chake pajani, akakinyoosha kama mtu anayesubiri kupakuliwa. Ukumbi mzima ukafanya hivyo hivyo. Babu Nyuzi akavua viatu, watu wakacheka, akasogea kwenye maiki miguu mitupu.

Radi akapiga dramu kubwa. Fundi alizisikia mbao zikitetemeka hadi chini ya kiti chake. Akaanza kujipiga goti, taratibu, sambamba na Radi. Macho ya mzee yakashuka kwenye mkono wake, yakatulia hapo.

Mkono kifuani: ngoja. Ngoja. Sasa.

*Taa ya jikoni usiizime,
nina njia moja tu ya kurudi...*

Akaingia sawasawa. Wala hakutangulia wala hakuchelewa. Vidole vya watu vilivyokuwa vimeshaanza kunyanyua vitambaa vikabaki vimeshika pembe.

"Bahati," Mwenyekiti akanong'ona.

Ubeti wa kwanza ukapita mzima. Hakikupanda kitu. Fundi alikuwa akijipiga goti hadi linawaka moto, na moyo wake unapiga kwa kasi kuliko Radi.

"Mbona unajipigapiga hivyo, binti yetu?"

"Wasiwasi tu."

"Usiogope. Ni furaha tupu." Na Mwenyekiti, kwa upole wake ule ule wa duka la dawa, akaunyoosha mkono wake akaushika mkono wa Fundi. Akaubana pale pale gotini, amtulize.

Macho ya mzee jukwaani yakatafuta mkono, yasiuone. Mguu wake ukasita kwenye mbao. Ubeti wa pili ulikuwa unakuja mbio kama maziwa yanayofurika, na Fundi akivuta mkono, yule mwungwana anazidi kuubembeleza.

Akauinua mguu. Alikuwa amevaa viatu vyekundu, kwa ajili ya sherehe. Akaanza kupiga mapigo kwa ncha ya kiatu chekundu, akiomba kimoyomoyo: nitazame miguu, baba, nitazame miguu.

Mzee akashusha macho. Akakiona kiatu. Kona ya mdomo wake ikacheka, na akauingia ubeti wa pili kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Sasa minong'ono ikaanza.

"Leo ana nini huyu?"

"Wametubadilishia mtu?"

"Mimi nimeamka alfajiri kuja kusikiliza hivi?"

Kijana mmoja alishakunja kitambaa chake akakitia mfukoni. Mwingine alikuwa anamwangalia Mwenyekiti kama anavyoangaliwa mwenye hoteli pale chakula kinapochelewa. Mwenyekiti mwenyewe aliuachia mkono wa Fundi, akajifuta paji la uso.

"Subirini kilima," akawaambia wa nyuma yake. "Kilima hakijawahi kutuangusha."

Ubeti wa tatu. Babu Nyuzi akaufikia ule mstari. Fundi akapeleka kidole shingoni: panda, baba. Lakini mzee hakumtazama. Alikuwa amefumba macho.

Bila macho hana mikono, hana kiatu, hana chochote, ana mbao tu chini ya nyayo na zile alfajiri za bafuni. Akapanda. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mzee, yenye mikwaruzo, lakini ilipanda mahali pake hasa, ngazi kwa ngazi, ikafika juu, ikakaa pale, ikashuka bila kuanguka. Ndivyo ilivyokuwa Fundi alipokuwa mtoto, amelala jikoni kwenye mkeka na mama yake anaosha vyombo.

Hakuna aliyepiga makofi.

Hilo lazima nikueleze lilivyokuwa, msomaji, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Watu hawa walikuwa wamesahau namna ya kumshangilia mzee huyu. Walikuwa na njia moja tu, na njia hiyo leo haikuwa na kazi. Wakakaa wametulia tuli, vitambaa mapajani. Mtu mmoja mstari wa tatu akapiga mwayo mkubwa, hata meno ya dhahabu yakaonekana.

Babu Nyuzi akafumbua macho.

Akautazama ukumbi, kuanzia ukuta huu hadi ukuta ule. Mistari ya mbele, mistari ya nyuma, ngazini. Hakikuwepo kitambaa hata kimoja hewani. Radi akampigia mahali pa kuingilia kibwagizo cha mwisho. Mzee hakuingia. Radi akayarudia mapigo, akampa nafasi tena. Mzee amesimama tu, gitaa linaning'inia, na machozi yanamshuka, yanaingia kwenye ndevu, wala hayafuti.

Fundi akaona maana yake mara moja, au ndivyo alivyodhani. Ee Mungu wangu, nimefanya nini? Nimemnyang'anya vitambaa vyake. Ataambiwaje kwamba anapendwa, na yeye hana masikio ya kusikia makofi, hata kama wangepiga? Maisha yake yote ya uzee ameishi kwa vile vyeupe. Leo, siku ya sherehe yake, ameimba vizuri kuliko siku zote, na malipo yake ni ukumbi uliokufa. Anadhani wamemchoka. Anafia pale jukwaani na mimi ndiye niliyemuua.

Radi akapiga mara ya tatu. Jasho lilikuwa linamtoka, anamtolea Fundi macho: fanya kitu!

Mkono wa Fundi uliingia mfukoni wenyewe. Kilikuwemo, kile cha kipimo, chenye upindo wa mama yake. Kinyanyue, akajiambia. Potelea mbali maana yake. Yeye hajui maana yake. Kwake ni mapenzi, basi mpe mapenzi.

Akasimama mbele ya watu wote, akakinyanyua.

Kwa muda mfupi kilikuwa ni hicho kimoja tu ukumbi mzima. Macho ya Babu Nyuzi yakatua juu yake.

"Wapi? Wapi?" Mwenyekiti akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Amekosea wapi? Mimi sikusikia!"

"Binti yake kasikia!" mtu akapaza sauti nyuma. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, ana masikio huyo!"

Na ukumbi ukapumua. Kumbe lilikuwepo kosa! Kumbe hawakuja bure! Vitambaa vikachomolewa mapajani, vikatolewa mifukoni, vikapanda vyote kwa pamoja, mbele, nyuma, ngazini, na kicheko kilichokuwa kimezuiliwa wimbo mzima kikapasuka hadi madirisha yakalia. Yule wa mwayo alikuwa amepanda juu ya kiti, anapunga kwa mikono miwili.

Fundi alikuwa analia na kucheka. "Unaona, baba?" alikuwa anasema, akitamka taratibu, midomo wazi. "Unaona? Wanakupenda!"

Babu Nyuzi akamgeukia Radi, akamwinulia kiganja. Radi akanyamaza. Kisha mzee akafuta uso kwa mkono wa koti, akasogea kwenye maiki.

"Nilikuwa nawaambia kimoyomoyo," akasema, "leo mpumzike mikono."

Wakacheka. Walidhani ni utani wa gwiji.

"Mimi ni kiziwi, jamani, si kipofu." Hakuna aliyecheka safari hii. "Sisikii kitu, ni muda sasa. Lakini vitambaa navyo naviona. Nikijikwaa, vinapanda. Nikitulia, vinashuka. Ingenichukua muda gani kujua? Nilijua tangu mwanzo. Nikawa navitumia. Nyinyi ndio mmekuwa masikio yangu."

Mwenyekiti aliushusha mkono wake, akakificha kitambaa chini ya paja kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Leo nimepanda hadi juu," mzee akaendelea, kwa ile sauti yake ya nyumbani, ya kuomba maji ya kunywa. "Nikafumbua macho, vyote viko mapajani. Hakuna hata kimoja kilichopanda. Mkaniona nalia. Nilikuwa namwambia marehemu mke wangu, umeona? Mmoja nimepatia."

Vitambaa vilikuwa vinashuka, kimoja kimoja, bila kelele. Ukumbi mzima ulibakiwa na kimoja tu juu, kwa sababu mkono uliokishika ulikuwa umesahau kushuka.

Babu Nyuzi alikitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama aliyekishika. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na heri ingekuwepo. Palikuwa na kitu ambacho Fundi alikijua tangu utotoni: ni uso wa fundi mzuri anayeuliza mshono wake umeachia wapi.

"Wao wanaweza kunionea," akasema. "Wewe huwezi. Wewe unaujua wimbo wa mama yako. Niambie basi, na usinifiche. Nimekosea wapi, mwanangu?"

Akaliweka gitaa chini, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, miguu mitupu, akainama karibu kabisa ili asikose hata silabi. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya Fundi, yanasubiri, na ukumbi mzima nao ukageuka kuitazama midomo hiyo hiyo.

Fundi akaufungua mdomo.